Pampu Iliyorushwa Msibani

Hakuna aliyempa kiti. Kijijini Matongolo, hata yule bwana mifugo aliyekuja mwaka wa ukame kuwapunguzia watu ng'ombe alivutiwa kigoda kwanza, akatukanwa baadaye. Injinia Tusekile aliachwa asimame katikati ya ua wa zahanati, sanduku mkononi, jua likimchoma upande mmoja wa uso, na watu wakimtazama kama kunguru aliyetua kwenye mtama ulioanikwa. Gari lake lilikuwa limeshatolewa upepo magurudumu mawili. Aliyelitoa hakujificha. Alikaa juu ya ndoo, akivichezea vile vifuniko vidogo vya tairi kiganjani ili mwenye gari avione.

"Natoka Wakala wa Pampu," alisema Tusekile, ingawa nembo ya kifuani ilikwisha kumsemea.

"Tunajua unakotoka," alijibu mwanamke mmoja. "Tuambie unaondoka lini."

Tusekile si mtu wa kutishika upesi. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyebuni kitu kinachotumika nchi nzima, na kiburi cha namna hiyo humkinga mtu na mengi, hata na jua. Aliuliza pampu iko wapi. Akaonyeshwa kwa kidevu.

Ilikuwa juu ya meza ya chumba cha sindano, imefunikwa kitambaa cha kitanda cha mgonjwa. Pampu ya marehemu Ndahani, si kubwa kuliko ngumi mbili, ya aina ile inayovaliwa tumboni huku mrija ukiingia kifuani kuusaidia moyo. Homa ya kijivu ilipopita nchini iliacha mioyo ya watu imelegea, na waliobaki hai wengi wao walibaki hai kwa pampu hizi. Mtu akifa, pampu yake hutolewa, husafishwa, hupewa anayefuata kwenye foleni. Ila ya Ndahani ilikuwa na taa nyekundu, ndogo kama punje ya uwele. Maana ya taa hiyo hata mtoto anaijua: pampu imeanguka, imejifunga, isivalishwe mtu tena. Itapelekwa Dodoma kusagwa, na aliyeiangusha atapelekwa mahakamani, kwa sababu mioyo ni mingi kuliko pampu.

"Ni nani aliyekuwa nayo?" aliuliza Tusekile.

"Mimi."

Aliyejibu alikuwa mtu mfupi, mpana wa kifua, mwezekaji wa mabati kwa kazi yake. Aliitwa Mihambo. Kiunoni alivaa mkanda usio wake, mrefu mno, wenye bizimu kubwa la shaba la kufungia mbele.

"Mimi ndiye niliyeirusha," alisema Mzee Mihambo. "Lakini haikuanguka. Niliidaka."

"Shahidi anasema ilianguka."

"Huyo shahidi wako alikuwepo msibani?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya, cha kumcheka mtu usoni. Shahidi ndilo jina walilokipa kile kihisi cha mishtuko kilichofichwa ndani ya pampu. Wakala wenyewe walilipenda jina hilo, wakalichapisha kwenye mabango barabara nzima: Shahidi hasemi uongo. Na aliyembuni shahidi, akamchora juu ya meza yake mwenyewe, alikuwa huyu huyu aliyesimama bila kiti.

* * *

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Ndahani alikuwa Mgogo, Mihambo ni Mnyamwezi, na hawa wawili ni watani tangu enzi za babu zao. Msibani mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Mihambo alilala njiani kuzuia jeneza lisipite. Akavaa mkanda wa marehemu. Akatembea kwa mwendo wa marehemu, akahema kwa pumzi ya marehemu, akamwita mjane kwa sauti ya mumewe: "Perisi, niletee maji!" Kisha akainyakua pampu iliyokuwa ikingoja kurudishwa Wakala, akairusha juu. "Ndahani, moyo wako huu hapa! Rudi uuchukue!"

Watu walicheka mpaka machozi, na yale machozi yalikuwa na kazi yake. Mjane naye alicheka. Angefanyaje? Mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani mbele ya maiti ndiye anayeonekana hakulelewa.

Matanga yakaanuliwa. Siku iliyofuata likaja jina la anayestahili kupewa ile pampu, nalo lilikuwa Kalunde Mihambo. Binti yake. Alipoirusha angani hakujua anarusha ya mwanawe.

Tusekile alimkuta Kalunde wodini, kitanda cha dirishani, amefungwa kwenye pampu ya zahanati, limashine la zamani lililochomekwa ukutani na lisilomruhusu mtu kwenda hata chooni. Lilikuwa la kumshikiza mgonjwa kwa muda mfupi tu, na muda wa Kalunde ulikuwa unaisha. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mdomo umepauka, na hakuwa na salamu za kupoteza.

"Wewe ndiye uliyembuni shahidi?"

"Ndiyo."

"Nieleze anavyojua. Taratibu. Nimezoea wanafunzi wanaojifanya wameelewa."

Tusekile akavuta kiti bila kukaribishwa. "Betri yake ni kama kifungo cha shati, na inatakiwa idumu miaka yote ya pampu. Kwa hiyo muda mwingi analala. Kitu kikiwa kinaanguka, hewani kinakosa uzito. Kule kukosa uzito ndiko kunakomwamsha. Akiamka anasikiliza pigo. Pigo likiwa kubwa, anaunguza uzi mdogo ndani, taa inakuwa nyekundu, pampu inajifunga."

"Halafu?"

"Halafu basi. Kazi yake imekwisha. Hawezi kusikia kingine."

"Ni nani aliyeangusha, imeangukia wapi, imeanguka mara ngapi?"

"Hayo hayajui. Angekuwa ghali. Tulitaka awe rahisi, aingie kwenye kila pampu."

"Pigo kubwa kiasi gani?"

Tusekile alisita. "Kipimo chake ni kama kikombe. Kikijaa, kimejaa."

"Kikijazwa na ndoo au na mto, kwake ni sawa." Kalunde akafumba macho, akavuta pumzi kwa shida. "Kwa hiyo ni shahidi aliyekuwa amelala, akaamshwa na kishindo, akapanda kizimbani kusema ameona yote. Na nyinyi mkamwamini kuliko baba yangu."

"Wewe unamwamini baba yako?"

Swali lile lilikuwa la ukatili, na Tusekile alilijua hivyo kabla halijamtoka. Kalunde akageuka kutazama dirishani. Nje baba yake alikuwa amesimama peke yake, mikono juu ya ule mkanda.

"Baba yangu ni mtani kuliko alivyo kitu kingine chochote," alisema mwishowe. "Nimekua nikimsikia akisema uongo watu wakicheka. Sijui, dada. Ila nijibu hili. Kama ilianguka kweli, na mkanivalisha, itakuwaje?"

"Ndani mna gurudumu lenye mapanga madogo, kama feni. Panga likipata ufa, pampu itafanya kazi vizuri leo, pengine na kesho. Kisha litakatika."

"Na mimi?"

"Hatutawahi kukuokoa."

"Na kama haikuanguka?"

"Utazeeka nayo."

Kalunde akafumbua macho. "Basi nenda ukajue. Na usije ukanitazama tena kwa huruma. Nahitaji pampu."

* * *

Ndani ya sanduku Tusekile alikuwa na pampu ya maonyesho: uzito ule ule, ganda lile lile, shahidi mpya ndani, ila haina gurudumu. Aliibeba hadi uani na kumpa Mihambo mbele ya umati.

"Rusha kama ulivyorusha siku ile," alisema. "Udake kama ulivyodaka."

Alikuwa na hakika na jibu. Maabara walimjaribu shahidi kwa kila namna ya kudaka: kwa viganja, kwa kikapu, kwa mto wa kulalia. Pigo la kudaka ni laini, kikombe hakijai. Taa haitawaka, na mzee huyu ataonekana mwongo mbele ya watu wake. Tusekile hakumchukia Mihambo, lakini alitaka aonekane mwongo. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote, kwa sababu alijua taa ikiwaka mambo yataelekea wapi.

Mihambo aliipima pampu mkononi, akaitupa juu. Ilizunguka mara moja juani. Iliposhuka hakunyoosha viganja. Aliipokea tumboni, mahali Ndahani alipoivaa siku zote, akaibana kwa mikono miwili. Ganda likagonga bizimu la shaba: ting!

Nani angewaza kujaribu kudaka kwa mkanda wa marehemu? Pigo la chuma kwa chuma, kali na fupi mno, la kujaza kikombe chote na lisiloweza kuvunja hata yai lililofungwa ndani. Mihambo akamrudishia pampu, taa ikielekea upande wake Tusekile. Ilikuwa nyekundu.

Kwa kitambo hakuna mwingine aliyeiona. Angeweza kuifunika kwa kidole gumba, akasema, "Mnaona, haikuwaka," akafunga sanduku. Aliwaza kufanya hivyo. Aliwaza wale wote waliowahi kuapa mbele ya Wakala kwamba walidaka, kwamba waligonga tu, kwamba ilitikisika garini. Waliofungwa, na wagonjwa waliokuwa nyuma yao kwenye foleni wakizikwa huku pampu nzima zikisagwa. Kisha akaigeuza pampu na kuiinua juu ili watu waione.

Ua ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakamzonga, mmoja akamtemea mate karibu na kiatu. "Wauaji!" ilisikika nyuma. Yule wa vifuniko vya tairi akasimama juu ya ndoo kama mhubiri. Simu ikalia mfukoni mwa Tusekile. Ni Kileo, mkuu wake, aliyekuwa akilifuatilia jaribio kwa kamera ya sanduku.

"Funga hilo sanduku uondoke," alisema Kileo.

"Magurudumu hayana upepo."

"Ondoka kwa miguu! Unajua ulichokionyesha? Kesho kila aliyewahi kushtakiwa atatujia juu."

"Kileo, zile zilizojifunga ambazo hazijasagwa, zisiguswe. Zote."

"Nani kasema?"

"Mimi niliyembuni. Waulize walinzi ghalani, jina langu liko kwenye kibali." Akakata simu. Hasira zilizomjaa hakujua ni za Kileo au zake mwenyewe.

* * *

Umati ulipotulia kidogo, Tusekile alisema kwa sauti kuu kwamba bado jambo moja. Kudaka kunaweza kuwasha taa, sawa, wameona. Lakini taa ikishawaka shahidi amekufa. Kama pampu ya Ndahani ilirushwa tena na ikaanguka baadaye, hakuna mashine inayoweza kujua.

"Uliirusha mara ngapi, mzee?"

"Mbili," alisema Mihambo. "Ya kwanza hapo mbele ya jeneza, watu wote wameona. Ya pili nilimfuata mjane nyuma ya jiko, nikamtania kidogo. Nikaidaka vile vile."

"Huko nyuma ya jiko mlikuwa na nani?"

"Mimi na yeye tu."

Macho yote yakamgeukia mjane, Mama Perisi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya wanawake wenzake, kaniki imemfunika mpaka kidevuni, na tangu asubuhi hakuwa ametamka neno. Kila mtu alijua anavyomwona Mihambo tangu siku ile. Haikusemwa, maana mtani hakasirikiwi, lakini alikuwa akimwamkia kwa kutazama ukuta. Walioketi karibu naye walijiandaa kusikia baya.

"Mama," alisema Tusekile, "pole na msiba. Mara ya pili, aliidaka au ilianguka?"

Mama Perisi akamtazama Mihambo. Akatabasamu.

"Aliidaka," alisema. "Ya kwanza na ya pili. Mtani wangu ana mikono mizuri."

Vigelegele vikarudi maradufu. Watu wakasema tazama utu wa mama huyu, tazama anavyosamehe. Tusekile akaileta pampu ya Ndahani, akaiweka mezani kivulini, akavua shingoni ufunguo wa Wakala, kipande cheusi kinachoweza kuifungua pampu iliyojifunga. Dirisha la wodi lilikuwa wazi. Kalunde alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anatazama.

Mihambo ndiye pekee ambaye hakushangilia. Tangu mwanzo alikuwa amejitegemeza kwa Perisi. Aliudanganya umati, akaudanganya Wakala, akijiambia kwamba kama hatari ni ya kweli mjane atakataa, atasema, atafurahi hata kumuumbua, na hapo jambo litakuwa limetoka mikononi mwake. Sasa alimtazama yule mama akitabasamu kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha tangu maziko, akaelewa. Hakuna atakayemzuia. Amebaki yeye.

Ufunguo ulikuwa umeshagusa ganda.

"Mama Injinia, acha!"

Alimkamata mkono, kwa nguvu hata akamuumiza.

"Ya pili sikuidaka," alisema Mihambo. "Ilinipita. Ilianguka juu ya jiwe la kusagia. Nikaiokota, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha mezani." Akageukia dirishani. "Kalunde, mwanangu, ilianguka. Nilitaka iwe haikuanguka."

Majibu yalitoka uani. Wale wale waliokuwa wakimbeba juu juu sasa walimwita muuaji wa mwanawe, mzee asiye na haya, na yule wa ndoo akamrushia vifuniko vya tairi usoni. Mihambo hakujikinga.

Tusekile alichukua bisibisi. Kanuni ilimkataza kufungua ganda nje ya karakana; kanuni zilikuwa zimemchosha. Alilegeza skrubu moja moja, akalitoa gurudumu, akaliinua kwenye mwanga. Mapanga yalikuwa mazima, yanang'aa. Kwa kitambo kidogo aliona furaha ikimpanda bure. Kisha akaligusa kila moja kwa ukucha, polepole, na la mwisho likakatika, likaanguka juu ya meza.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata wale waliokuwa wakipiga kelele walikitazama kile kipande, kidogo kama ganda la mbegu ya boga, wakawaza kingekuwa wapi kesho.

"Injinia!" Kalunde aliita kutoka dirishani, sauti nyembamba lakini kali. "Sasa?"

"Ghalani kuna zilizojifunga bure. Nitazifungua mimi, nizikague moja moja. Nzima ya kwanza ni yako."

"Kabla sijafa au baada?"

"Sijui," alisema Tusekile, na lilikuwa jibu la kweli la kwanza alilompa mtu yeyote akiwa amevaa nembo ile. "Naondoka sasa hivi. Nitilieni upepo kwenye magurudumu."

Yule kijana akainama kuokota vifuniko vyake mchangani. Tusekile alifunga sanduku, akapita kando ya mkeka wa wanawake, na hapo akasimama. Alijua hakupaswa kuuliza. Lakini miguu ilikataa kwenda.

"Mama Perisi. Ulikuwepo. Uliiona ikianguka juu ya jiwe."

"Niliiona."

"Ungeacha binti wa watu avalishwe ile?"

Mama Perisi alijifunika kaniki vizuri. Hakumtazama Tusekile. Alimtazama Mihambo, aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, mkanda wa Ndahani bado kiunoni, na akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Kwani si mtani wangu huyu? Nilikuwa namtania."

Na kwa kuwa ndiyo desturi, na anayetaniwa hana budi kucheka, watu wote wakamgeukia Mihambo. Alifungua kinywa. Alijitahidi kweli kweli, mpaka mabega yakamtikisika, lakini kicheko hakikutoka.